Mtoto aliyechelewa kusema asinyang'anywe lugha ya nyumbani

Wahenga walisema kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Msemo huu tumeuzoea kiasi kwamba hatujiulizi tena mtoto hulelewa kwa kitu gani hasa. Tunambembeleza kwa maneno, tunamkanya kwa maneno, tunamfunza majina ya jamaa zake na miiko ya mji wake kwa maneno. Je, yule mtoto ambaye maneno yenyewe yamemkawilia, analelewaje? Na ni nani mwenye haki ya kuamua ni maneno ya lugha gani atakayopewa?

Nazua maswali haya kwa sababu ya jambo lililotokea katika jamaa yangu mwenyewe, ambalo sikulishughulikia jinsi ilivyonipasa.

Mpwa wangu, mwana wa dada yangu mdogo anayeishi Voi, alitimiza miaka minne akiwa na maneno yasiyozidi kumi. Alikuwa mchangamfu. Alicheza na wenziwe kwa kuwavuta mikono, na kila alipotaka kitu alimshika mamake kidole akamwongoza hadi kilipo. Majirani hawakukosa ushauri. Mmoja alisema kwamba watoto wa kiume huchelewa kusema, basi mama awe na subira. Mwingine alishauri mtoto apelekwe akakatwe kimio. Wa tatu aliapa kwamba mjomba wake alianza kusema akiwa na miaka sita, na hatimaye akawa mzee wa baraza ambaye hakuna aliyeweza kumnyamazisha.

Dada yangu hakuridhika. Alijinyima, akadunduiza fedha, akampeleka mtoto Nairobi katika kliniki moja ya kibinafsi ambayo sitaitaja, maana nia yangu si kumwaibisha mtu. Mtoto aliketishwa mezani, akaonyeshwa picha za nyumba iliyofunikwa theluji na za watu waliovaa glavu, akaulizwa kwa Kiingereza hiki ni nini na hivi ni vingapi. Aliinamisha kichwa. Masikio yake hayakupimwa. Haikutimia saa moja kabla mamake kuambiwa kwamba lugha nyingi zimemchanganya mtoto, na kwamba tangu siku hiyo asisikie nyumbani lugha nyingine ila Kiingereza, kwa kuwa ndiyo atakayosomea.

Jioni ile dada alinipigia simu. "Kaka," akasema, "wewe ndiwe msomi wa lugha katika jamaa yetu. Nifanyeje?"

Naona haya kukiri nilichomjibu. Nilimwambia afuate alivyoagizwa na wataalamu. Wakati huo nilikuwa nimefundisha isimu chuo kikuu kwa zaidi ya miaka kumi. Niliweza kumweleza mwanafunzi muundo wa kitenzi cha Kiswahili tangu kiambishi cha kwanza hadi cha mwisho, lakini sikuwa nimesoma hata makala moja kuhusu mtoto ambaye kitenzi hicho kimemgomea. Nilijificha nyuma ya neno "wataalamu" ilhali sehemu kubwa ya utaalamu uliohitajika pale ilikuwa yangu.

Likizo ya Desemba nilipokwenda Voi, nilikuta nyumba imenyamaza. Kiingereza cha dada yangu ni kile cha kidato cha nne, kinachotosha kujaza fomu na kuzungumza na mkaguzi. Alipokitumia kwa mwanawe kiligeuka kuwa amri tupu: njoo, keti, wacha. Mama yetu, aliyeteremka kutoka milima ya Taita kuja kusaidia kulea, anajua Kitaita na Kiswahili tu. Nilimkuta ameketi uani akimenya viazi, mjukuu wake kando yake, na wote wawili kimya. "Mwanangu," akaniuliza, "nimekatazwa kusema na mjukuu wangu. Nimekosa nini?"

Sikuwa na jibu. Niliporudi Nairobi ndipo nilipoanza kusoma yale niliyopaswa kuwa nimeyasoma kabla.

Kwanza, tufahamiane kuhusu kazi yenyewe. Tiba ya usemi na lugha ni taaluma ya kumsaidia mtu kuelewa, kutamka na kuwasiliana. Kwa watoto, huwahudumia wenye usonji, wenye mtindio wa ubongo, wenye hali ya Down, wenye kigugumizi, waliozaliwa na mdomo au kaakaa lililopasuka, wasiosikia vizuri, na pia wale ambao hawana dosari nyingine yoyote inayoonekana ila lugha kukataa kuwajia. Hawa wa mwisho si wachache kama tunavyodhani. Uchunguzi uliofanywa Marekani na kuchapishwa 1997 uligundua kwamba takribani watoto 7 kati ya kila 100 wa umri wa chekechea walikuwa na upungufu wa aina hiyo. Takwimu hiyo ni ya kwao, wala sitaibandika Kenya kama ilivyo. Hata hivyo, kwa kipimo hicho darasa la watoto 50 lingekuwa na watatu au wanne. Kwetu sisi watoto hao huitwa wazito, wakaidi au wajinga, wakachapwa, wakarudia darasa, kisha wakaachwa.

Pili, tuzungumzie vipimo, maana hapa ndipo mambo yanapoharibika. Kipimo cha lugha hakiwezi kuhamishwa kutoka nchi moja hadi nyingine kama mizani ya sukari. Kipimo kilichotungiwa Kiingereza humwuliza mtoto wingi wa nomino na kutazama kama ameongeza sauti fulani mwishoni mwa neno. Mtoto wa Kiswahili huutafuta wingi mwanzoni: kitabu, vitabu, mti, miti. Kipimo hicho hupima rundo la konsonanti zinazofuatana bila irabu, ilhali silabi nyingi mno za Kiswahili huishia kwa irabu, na mtoto anayetamka "sukuli" anatengeneza neno geni kwa kanuni za lugha yake. Hali kadhalika, wataalamu hutarajia mtoto wa miaka miwili aunganishe maneno mawili. Lakini mtoto akisema "nimekula", neno ni moja kwa kuhesabu, na ndani yake mna nafsi, wakati na tendo. Mwingereza angehitaji maneno matatu. Anayehesabu maneno tu atampunja huyu au kumzidishia yule.

Ugumu haukomi hapo. Hebu tuchukue sentensi "kiti imevunjika". Mimi nikiikuta katika insha ya mwanafunzi wangu huipiga mstari mwekundu. Je, mtoto wa miaka minne anayeitamka ana upungufu wa lugha? Ikiwa anaishi Nairobi, ambako mamake, dereva wa matatu na mwenye duka wote husema hivyohivyo, basi mtoto huyo ameshika barabara lugha ya watu wake, na mstari wangu mwekundu haumhusu daktari. Lakini ikiwa anaishi Lamu au Mji wa Kale wa Mombasa, ambako kila anayemsikia husema "kiti kimevunjika", na bado hajaupata upatanisho wa ngeli wakati wenziwe wote wameupata, huenda huyo anastahili kuangaliwa. Sentensi ni moja, na hukumu ni mbili. Vivyo hivyo sauti za r na l, ambazo katika sehemu nyingi za nchi hupishana hata vinywani mwa watu wazima. Asiyejua jinsi watoto wa mahali fulani wanavyosema hawezi kujua ni yupi kati yao aliyekwama. Atawaita wagonjwa walio wazima, na atawapita wagonjwa bila kuwatambua.

Tatu, tulichunguze dai kwamba lugha mbili humchanganya mtoto mwenye upungufu. Dai hili huvutia kwa sababu linaonekana kuwa la busara: mwenye nguvu kidogo apewe mzigo mmoja. Lakini yaliyochunguzwa hayaliungi mkono. Utafiti uliofanywa Kanada na kuchapishwa 2003 uliwalinganisha watoto wenye upungufu wa lugha waliokuwa wakisema Kiingereza na Kifaransa na wenzao wenye upungufu huohuo waliosema lugha moja tu. Wale wa lugha mbili hawakuwa wamezidiwa. Utafiti mwingine wa huko Kanada, uliotolewa 2005, uliwachunguza watoto wenye hali ya Down, na matokeo yakawa ya namna hiyo: kuongezewa lugha ya pili hakukudhoofisha Kiingereza chao. Upungufu wa lugha hautokani na wingi wa lugha. Ukiwapo, huonekana katika kila lugha ya mtoto, na kumwondolea mojawapo hakumponyi, bali humpunguzia watu wa kusema nao.

Najua pingamizi litakaloletwa. Shule ni ya Kiingereza, mitihani ni ya Kiingereza, basi kwa nini tupoteze muda? Hoja hii si ya kupuuzwa, kwani mzazi anayeitoa anampigania mwanawe. Lakini mtoto hajifunzi lugha kwa kuandaliwa mtihani. Hujifunza kwa kusemeshwa maelfu ya mara na mtu anayempenda, mtu ambaye maneno hayamtoki kwa shida. Mama mwenye Kiingereza cha kuazima humpa mwanawe amri. Kwa lugha yake mwenyewe humpa simulizi, utani, maswali na pole. Ndiyo maana ripoti ya Gachathi ya 1976 ilipendekeza wanafunzi wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya eneo la shule, na mtaala wa umilisi nao umezipa nafasi lugha za kiasili katika madarasa hayo. Itakuwa ajabu iwapo tunachokubali kuwa chema kwa mtoto asiye na tatizo tutakiharamisha kwa mwenye tatizo, ambaye ndiye anayekihitaji zaidi.

Nisieleweke kwamba nataka kila mtoto alazimishwe lugha ya mababu. Kuna nyumba za Nairobi ambamo lugha ya kweli ni Kiingereza, na nyingine ambamo ni Sheng. Basi tiba na ianzie hapo. Ninachokipinga ni kuwavua watu lugha wanayoishi nayo na kuwavika nyingine isiyowatosha.

Sasa niwageukie wenzangu wa vyuo vikuu. Kila mwaka tunapokea tasnifu juu ya tasnifu kuhusu mitindo ya riwaya zilezile na kuhusu viambishi vilevile. Ni wangapi kati yetu waliowahi kuketi sakafuni na kinasasauti, wakamfuata mtoto mmoja kwa mwaka mzima? Kazi hiyo inawezekana, na imeanza bila wengi wetu kuishiriki. Kitabu cha Kamil Ud Deen kuhusu jinsi watoto wanavyojifunza Kiswahili, kilichotoka 2005, kilitokana na watoto wanne wa Nairobi. Kilionyesha kwamba wadogo hao huviacha baadhi ya viambishi vya mwanzo wa kitenzi kwa utaratibu, wala si ovyo. Mtaalamu wa tiba asiyejua hilo atadhani kasoro ni pale penye hatua ya kawaida ya ukuaji.

Kilifi nako wamefanya kazi ya kupigiwa mfano. Watafiti wa huko walionyesha, katika miaka ya mwanzo ya karne hii, kwamba baadhi ya watoto wanaopona malaria kali hubaki na upungufu wa lugha. Ili kulijua hilo iliwalazimu kwanza kuunda vipimo vinavyolingana na lugha na maisha ya watoto wa pale. Baadaye ikatengenezwa orodha ya maneno na ishara za watoto wachanga kwa Kiswahili na kwa Kigiriama, ambayo mzazi asiyejua kusoma huulizwa kwa mdomo, na matokeo yake yakachapishwa 2015. Ikiwa kaunti moja imeweza kupata vipimo vya Kigiriama, ni kitu gani kinachozuia vya Kitaita, Kiluo, Kikamba au Kisomali? Kinachokosekana ni wanaisimu na wataalamu wa tiba kukubali kuketi meza moja.

Serikali nayo ina sehemu yake. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, inaitaka iendeleze Lugha ya Ishara ya Kenya, Breli na njia nyingine za mawasiliano zinazowafaa watu wenye ulemavu, na kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia njia hizo. Mbegu zilipandwa zamani: vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu vilianza 1984 kwa msaada wa Denmark, na Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya ikafuata 1986. Hata hivyo, wataalamu wa tiba ya usemi wangali wachache mno, na wengi wao wako Nairobi na miji michache mikubwa. Chuo Kikuu cha Makerere kilipoanzisha shahada ya taaluma hii 2008, Wakenya walivuka mpaka kwenda kuisomea. Serikali za kaunti ndizo zilizokabidhiwa hospitali zao na vilevile shule za chekechea. Yaani mtoto anayechelewa kusema yumo mikononi mwao kote kuwili, na hazina kisingizio cha kusema kwamba ni kazi ya mwingine. Kila hospitali kuu ya kaunti haina budi kuwa na angalau mtaalamu mmoja wa kazi hii, anayeweza kuifanya kwa Kiswahili na aliye na mkalimani wa lugha ya eneo. Wahudumu wa afya ya jamii, zaidi ya 100,000 waliozinduliwa 2023, wanaopita mlango kwa mlango wafunzwe kuuliza maswali machache: Je, mtoto hugeuka akiitwa? Ametimiza mwaka na nusu bila neno hata moja? Ametimiza miaka miwili na nusu bila kuunganisha lolote? Maswali hayo hayahitaji mashine.

Na kwako, mzazi unayesoma haya huku ukimtazama mwanao, nina maneno machache. Usingoje kwa kuambiwa "atasema tu". Ni kweli kwamba wengi wanaochelewa huwafikia wenzao, lakini hakuna jirani awezaye kukuhakikishia kwamba wako yumo miongoni mwao. Anza na masikio. Mtoto asiyeitika apimwe kusikia kabla ya jambo lingine lolote. Kimio chake kiache mahali pake, maana hakina uhusiano na kuchelewa kusema. Kisha msemeshe kwa lugha inayokutoka bila kufikiri. Taja kile anachokitazama yeye, si unachokitaka wewe. Akisema "maji", mrudishie "maji baridi". Mpe achague kati ya ndizi na embe, halafu nyamaza umngoje. Kungoja huku ndiko kunakotushinda watu wazima. Asipoweza kutamka, pokea ishara ya mkono au picha anayokuonyesha, kwani ishara hazizibi njia ya maneno. Na yeyote atakayekuamuru uiache lugha yako, mwulize ameusoma wapi ushahidi wa jambo hilo.

Mimi nilimpigia simu dada yangu, nikamwambia nilikosa. Tulimtafuta mtaalamu aliyezungumza na mtoto kwa Kiswahili. Aliagiza masikio yapimwe, yakaonekana mazima, kisha akataka kumwona nyanya. Alimwuliza ni mchezo gani anaoupenda mjukuu wake jioni. Mama akajibu kwamba kabla ya katazo walikuwa na hadithi. Mtaalamu akamwagiza azirudishe, kila siku, kwa mwanzo uleule, na kila anaposema "Paukwa!" anyamaze, amtazame mtoto, asimjibie.

Walikaa hivyo majuma mengi. Jioni moja, baada ya kimya kirefu, mtoto alijibu "Pakaa". Dada yangu alinipigia simu akilia. Sisemi kwamba huo ulikuwa muujiza. Mpwa wangu sasa ana miaka saba, sentensi zake ni fupi, na darasani bado hutafuta maneno kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Lakini humtania nyanya yake, humwuliza mamake maswali, na likizo iliyopita aliniuliza mimi kwa nini siji Voi mara kwa mara.

Wako wengi mfano wake ambao hawakupata wa kuwarudishia lugha waliyonyang'anywa. Udongo huwahiwa ungali maji, na kila mwaka tunaoupoteza ni mwaka wa utoto wao.